Kijani cha Kukodishia

Bwana Usi aliitazama picha kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akanyoosha kidole akakigusisha pembe ya kulia, palipochorwa mikarafuu minne nyuma ya uwanja wa kuanikia. Rangi ilikuwa mbichi. Kidole kikatoka na manjano.

"Hii nini?"

"Rangi ya mafuta, Bwana. Haikauki upesi."

"Sikuulizi hiyo. Nakuuliza kwa nini mikarafuu yangu umeitia manjano."

"Kwa sababu ni ya manjano," alisema Abrahman.

Bwana Usi alikifuta kidole kwenye nguzo ya baraza. Walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yake ya shamba huko Dole, na ile mikarafuu yenyewe ilikuwa mbele yao, hatua mia hivi. Aliigeukia, akaitazama, akairudia picha.

"Mie naona kijani."

"Tazama juu, vileleni. Majani yamepauka, na chini ya mti yameanguka mengi. Tena ile ya nyuma yake nayo imeanza, basi tu sikuifikia."

"Hilo jua la kaskazi, bwana. Mvua ikinyesha yatarudi."

"Si jua."

Abrahman Jecha hakuwa mtu wa kubishana. Lakini kwa jambo hili alikuwa na haki ya kubisha kuliko mtu yeyote Unguja. Miaka thelathini na moja alifanya kazi katika maabara ya serikali. Aliingia akiosha vyupa, akajifunza darubini kwa kuchungulia wenzake walipokwenda kula, na mwisho wakubwa zake wa Kizungu wenyewe walikuwa wakimuuliza yeye kabla ya kuandika ripoti zao. Maradhi yanayoua mikarafuu ghafla aliyajua kama mtu anavyoijua tabia ya mkewe. Mti hupauka vilele, hupukutisha majani kidogo kidogo hata mwenyewe asishtuke. Kisha wiki moja tu unakauka wote, umesimama na majani yake mekundu kama shaba. Alichora mizizi iliyooza na majani yaliyopauka kwa ajili ya ripoti zile, mamia ya michoro, na jina lake halikutiwa hata kwenye mmoja. Kwenye karatasi ya mshahara aliitwa msaidizi mpaka siku aliyostaafu.

Alipostaafu, mwaka uliopita, aliwaambia watu kuwa sasa anachora tu. Si jani moja chini ya kioo. Shamba zima, na mbingu yake. Watu walicheka. Kwenye baraza ya Mkunazini walimwita Mzee Majani. Mmoja alisema afadhali, maana angechora watu ingekuwa dhambi juu ya umasikini. Katika mwaka mzima hakuna aliyemwagiza picha ila Bwana Usi, na Bwana Usi alikuwa karibu kuwa mkwe mwenziwe, kwa hiyo hakulipa kitu. Alisema tu, "Rangi nunua mwenyewe, mie ntakupa chakula." Abrahman alikubali kwa furaha. Wiki tatu alipanda gari ya shamba kila asubuhi na ubao wake kwapani.

"Bwana Usi," alisema sasa, "sikwambii kwa kukutia hofu. Ile minne ikate leo, uichome moto, uchimbe handaki kuizunguka. Pengine utaokoa upande wa barabarani. Usipofanya hivyo, mwakani hapa huna shamba."

Bwana Usi aliangua kicheko.

"Wewe unadhani mwaka huu nakodisha kwa sababu gani? Miaka yote nachuma mwenyewe. Hujajiuliza?"

Abrahman aliigeukia ile minne.

"Tia kijani, mkwe. Picha naitundika ukumbini kwangu mjini, na ukumbini ndiko ninakozungumza na wakodi. Sitaki mtu anywe kahawa yangu huku anatazama manjano. Na mahari ya binti yako yatoka wapi? Gharama za mwanangu Matar zatoka wapi? Zatoka hapa hapa." Akaionesha mikarafuu kwa kidevu. "Kama hakuna kodi, hakuna harusi. Si mimi nisemaye, ni mfuko."

*

Bi Mwatum alikuwa akipepeta mchele mume wake alipopanda ngazi na picha. Alisikiliza habari yote bila kuacha kupepeta.

"Basi si utie kijani," alisema.

"Haiwezekani."

"Rangi imekwisha?"

"Rangi ipo."

"Haya, kinachoshindikana nini?"

"Mwatum, mtu atakuja kutoa akiba yake. Atakodi misimu mitatu, na mikarafuu haifiki hata mmoja."

"Mtu huyo ana macho. Atakwenda shamba, atatazama mwenyewe."

"Hataona. Mpaka mwezi wa saba hapana atakayeona."

"Kama hapana atakayeona, basi hata wewe hukuona." Akatua ungo. "Abrahman, nsikilize. Posa ya kwanza ilivunjika kwa kuwa waliona nyumba yetu ya kupanga. Ya pili wakasema baba yake ana akili nusu, anakaa juani anachora miti. Walisema hivyo, sikukwambia. Mwanangu ana miaka ishirini na saba. Wenziwe wanaozesha watoto, yeye anaoza mwenyewe humu ndani. Leo Mungu katuletea Matar, kijana ana kazi bandarini, hanywi, hapigi. Nawe unakuja kunisomea majani?"

Sichana alikuwa chumba cha pili, na ukuta wa nyumba ile haukuwa wa kuzuia maneno. Alitoka akakaa kizingitini. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kunyamaza, na wazazi wake walisahau kwamba kunyamaza si kutokuwa na neno.

"Baba," alisema.

"Naam, mwanangu."

"Miaka thelathini uliwaambia Wazungu kweli. Walikupa nini?"

Abrahman alitazama mikono yake. Kucha zilikuwa na rangi.

"Mie sijakuomba kitu tangu nikiwa mdogo," alisema Sichana. "Sikuomba viatu, sikuomba skuli ulipokosa ada. Sema uongo mmoja tu, kwa ajili yangu. Mmoja. Kisha nenda ukachore manjano yako mpaka ufe."

Bi Mwatum alifungua mdomo kumkemea binti yake, akaufunga. Hakuna aliyekula vizuri siku ile.

Kesho yake Abrahman alichukua kisu kidogo cha kuchanganyia rangi, akaanza kuikwangua ile pembe ya kulia. Manjano ile ilimchukua siku nne kuipata. Haikuwa manjano ya ndimu wala ya bizari. Ilikuwa na kijivu ndani yake, na kijani cha mwisho kinachokataa kuondoka, na alipoipata alijisemea, peke yake chini ya mti, kwamba sasa ndiyo amekuwa mchoraji. Iliondoka kwa dakika kumi. Akaweka kijani kilichobaki kutoka upande mwingine wa picha. Kilikaa vizuri. Bi Mwatum alikuja nyuma yake na chai, akasema kwa moyo mweupe kabisa, "Ona, sasa imependeza zaidi." Na kweli ilipendeza.

*

Mtu aliyekuja kukodi alikuwa Kificho.

Abrahman hakulijua hilo mpaka alipoingia ukumbini kwa Bwana Usi, siku tano kabla ya Ramadhani, akamkuta ameketi chini ya picha na kikombe mkononi. Kificho alikuwa mtu wa Makunduchi. Alikuwa tarishi wa maabara kwa miaka ishirini na minne, akibeba udongo na mizizi katika magunia, na wakati mwingine akimbeba Abrahman mwenyewe nyuma ya baiskeli barabara ilipokuwa tope. Walistaafu mwaka mmoja.

"Shikamoo, Bwana Abrahman!" Kificho alisimama haraka, kahawa ikamwagikia kanzu.

"Marahaba. Kificho, wewe wafanya nini hapa?"

"Nataka kuwa tajiri, bwana. Nshachoka kuwa masikini, hakuna faida." Akacheka, na watu wakacheka. Walikuwamo Bwana Usi, Matar, na jamaa wawili walioitwa kuwa mashahidi. "Nna kile kiinua mgongo changu sijakigusa. Mke wangu kauza bangili zake na kile kiwanja cha mama yake. Nikasema nikakodi mikarafuu, mimi si mgeni nayo, nimeibeba mizizi yake mgongoni miaka yote. Shamba nimekwenda kulitazama mara mbili. Mauwa yanakuja vizuri. Nami, niseme kweli, nilipokuwa bado nasitasita, Bwana Usi kanambia: 'Huyu hapa Bwana Abrahman kakaa mle wiki tatu anachora.' Basi nikatulia."

"Kakaa wiki tatu nzima," alisema Bwana Usi. "Kala ndizi zangu zote."

Watu wakacheka tena. Abrahman aliketi. Kijani cha picha kilikuwa juu ya kichwa cha Kificho moja kwa moja.

"Lakini nikuulize mwenyewe mbele ya watu," alisema Kificho, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya maabara, ya kuuliza gunia liwekwe wapi. "Nikodi, nisikodi?"

Matar aliinamisha kichwa. Bwana Usi alimimina kahawa, polepole, akaendelea kumimina. Abrahman alijua neno analotakiwa kulisema, lilikuwa fupi, na alikuwa amelisema mbele ya wenye mashamba wakali kuliko huyu, wenye bakora, wenye mbwa. Alimfikiria Sichana kizingitini.

"Mie nshastaafu, Kificho," alisema. "Siku hizi nachora tu."

Kificho alipiga paja lake.

"Mnamsikia? Ndivyo alivyo huyu! Hajisifu. Miaka ishirini na minne sijamsikia akijisifu." Akawageukia mashahidi. "Nyie hamumjui. Huyu akiona mti mgonjwa hawezi kukaa chini yake hata dakika mbili. Neno lake moja: 'Kata, choma.' Mwenye shamba analia, watoto wanalia, yeye 'Kata, choma.' Sasa huyu ndiye akae wiki tatu anauchora? Angeukata kwa meno!" Akaingiza mkono kifuani, akatoa bahasha. "Mie nimeridhika. Tuandikeni."

Waliandika. Abrahman naye aliombwa atie saini awe shahidi wa tatu, kwa kuwa ni mtu anayejulikana. Alitia. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake kuandikwa kwenye karatasi inayohusu mikarafuu.

*

Harusi ilikuwa mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha. Watu walikula pilau wakashiba, Bi Mwatum alivaa hariri ya kuazima, na jirani mmoja aliyewahi kumcheka Abrahman barazani alisimama akasema Mzee Majani kumbe ana mizizi. Sehemu ya kiinua mgongo cha Abrahman iliyobaki iliishia kwenye kitanda, kabati na vyombo vya binti, maana upande wa Bwana Usi ulituma mtu kusema kwamba kwao mwari haingii na kitanda cha kamba. Sichana aliondoka analia kama ilivyo ada. Alipomkumbatia baba yake alimwambia sikioni, "Mungu akulipe." Abrahman alitamani angesema neno jingine.

Mikarafuu ilianza kufa mwezi wa nane, wachumaji wakiwa wameshapanda ngazi. Kwanza ile minne. Siku ya Jumatatu ilikuwa na majani mabichi, Jumapili yalikuwa mekundu. Kisha kumi na mbili. Kisha watu waliacha kuhesabu. Wachumaji waliteremka, maana tawi la mkarafuu mfu huvunjika bila kuaga, wakaketi uwanjani wakimtazama Kificho, na Kificho akawalipa siku yao kwa kuona haya.

Alikwenda kwa Bwana Usi. Bwana Usi alimkaribisha vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kukodi ni bahati, kungekuwa na mavuno makubwa kuliko kawaida je, Kificho angemrudishia ziada? Kificho alikiri asingemrudishia. "Basi," alisema Bwana Usi, "na shahidi wako mwenyewe ni mtaalamu."

*

Bi Mwatum alimwona Kificho kutoka dirishani akija, akateremka ngazi kabla hajagonga.

"Hayupo, Bwana Kificho. Katoka."

"Viatu vyake hivi hapa, Bi Mwatum."

"Katoka na vyengine."

"Hana vyengine," alisema Kificho, bila ubaya. Alikuwa akimjua mtu wake.

Abrahman alijibu kutoka juu, "Mwache apande."

Kificho alipanda. Alikuwa amekonda shingo. Aliketi ukingoni mwa kiti, akaitazama picha iliyokuwa ubaoni, ya mikoko ya Chwaka, haijamalizika, akageuza uso. Bi Mwatum alileta kahawa na kusimama mlangoni, tayari kwa ugomvi. Ugomvi haukuja.

"Sikuja kudai," alisema Kificho. "Karatasi nimeisoma, haki sina. Nimekuja na masuala mawili tu."

"Uliza."

"Ulijua?"

Mtaani mtu aliuza samaki, akataja bei, akaishusha. Abrahman alisubiri apite.

"Nilijua."

"Kabla ya ukumbi?"

"Mwezi mzima kabla. Niliichora. Kisha nikaikwangua."

Kificho alitikisa kichwa juu chini, mara nyingi, kama mtu aliyeambiwa njia ya kwenda mahali.

"La pili. Upande wa barabarani bado unasimama, miti mia na kitu. Nna wachumaji nane wanataka kujua waje au wasije. Nikiwalipa na miti ikafa, huo mfuko wa unga nao umekwenda. Nambie wewe, kama zamani. Itafika mwisho wa msimu?"

Abrahman alimuuliza vilele vikoje. Kificho akamweleza. Akamuuliza majani yaliyoanguka yana rangi gani, na mashina yakikatwa yana michirizi au hayana, na Kificho, ambaye alikuwa amekwisha kukata moja na kulitazama, alimjibu sawasawa, kila kitu mahali pake. Kwa muda wa dakika chache walikuwa watu wawili wanaofanya kazi yao.

"Hata mmoja," alisema Abrahman. "Usiwaite."

"Ahsante."

"Kificho, ntakulipa. Wallahi ntakulipa. Kidogo kidogo."

Kificho aliangaza chumba: mkeka, kitanda, ubao, mikebe ya rangi.

"Kwa kitu gani?" aliuliza. "Kwa rangi hizi?"

"Chukua hata picha. Chukua yoyote. Pengine Wazungu..."

"Niitundike wapi, Bwana Abrahman? Yule mwenye nyumba tuliyopanga katupa mpaka mwisho wa mwezi. Tunarudi Makunduchi kwa shemeji yangu, mie na umri huu nikamlimie." Akasimama. Kahawa hakuigusa. "Wengine walinambia wewe uliramba pesa za Bwana Usi. Mie nikawaambia, huyu? Nikataka kupigana. Kweli, nusura nipigane, mzee mzima." Alifika mlangoni, Bi Mwatum akampisha. "Ungeramba ningefahamu. Mtu huramba kwa njaa. Lakini ulinifanya nikusifu."

Wakamsikia akiteremka ngazi, anapapasa ukuta kwa kuwa palikuwa na kiza. Bi Mwatum alichukua kikombe, akasema kwa sauti ndogo kwamba kahawa hii bado ni moto, ni hasara kuimwaga, akainywa yeye.

*

Siku tatu Abrahman hakuchora. Ya nne alipotoka msikitini asubuhi alimkuta mgeni barazani kwake, mtu mnene mwenye mwavuli, ameshaandaliwa chai na vitumbua. Alijitaja kuwa ni Mkadam, mwenye shamba huko Mfenesini, na alimpa shikamoo kubwa ijapokuwa hawakupishana umri.

"Sifa zako zimefika kwetu," alisema. "Nami nataka picha ya shamba langu. Yangu nalipa, mie si kama wengine. Shilingi mia mbili. Mia nshampa mama hapa, asubuhi hii hii."

Bi Mwatum alikuwa mlangoni, mkono ameufumba juu ya kifua. Hakumtazama mume wake.

"Unataka kukodisha?" aliuliza Abrahman.

"Nataka. Watu siku hizi waoga. Lakini wakiona picha yako wanasema, hapa Bwana Abrahman kapita, hapa salama. Huo upuuzi wa Dole wanasema bahati mbaya tu." Mkadam alikula kitumbua kizima kwa mara moja. "Iwe tayari Ijumaa."

"Ijumaa haitoshi. Lazima nende, nikae, nitazame mwanga, nitazame miti."

"Ya nini kujichosha, mzee wangu? Njia mbovu, na wewe mtu mzima. Huna haja hata ya kuja. Mikarafuu si mikarafuu? Wewe kaa hapa hapa kivulini, tia kijani, uandike jina lako chini, kubwa. Jina ndilo ninalolilipia."

Abrahman alisimama na tasbihi mkononi. Shilingi mia mbili. Akizipeleka zote Makunduchi, bila kugusa hata moja, zitakuwa kama sehemu ya kumi ya alichopoteza Kificho. Picha kumi, basi. Mashamba kumi, na watu kumi wenye bahasha vifuani, wamekaa chini ya kijani chake wanakunywa kahawa. Alijua hesabu hiyo haina mwisho. Alijua pia kwamba ni yeye peke yake Unguja nzima anayeweza kwenda Mfenesini leo, akatazama vilele, akasema neno moja, na kwamba hakuna atakayemlipa hata thumni kwa neno hilo.

Mkadam alipangusa mafuta midomoni, akangoja. Bi Mwatum naye akangoja.

"Jina unalitaka kubwa kiasi gani?" aliuliza Abrahman.